Samaki Wetu Hana Picha

Leo siandiki juu ya bonasi ya majani wala siasa za kaunti. Leo ni samaki. Najua kuna mtu ashaanza kucheka: mtoto wa Kapsoit, kwa watu wa ng'ombe na mursik, anajua nini kuhusu samaki? Kaa hapo kidogo, utaniambia mwisho.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili usiseme nimekuzungusha. Samaki ambaye watu wanamjua sura hupata watetezi. Samaki ambaye hana sura machoni pa watu huisha na hakuna anayeuliza ameenda wapi. Sisi tuna ukoo mzima wa samaki katika mito inayotoka huku kwetu, na sura tunazozijua ni za samaki wa watu wengine. Hiyo ina historia yake, na mwaka mmoja katika hiyo historia unaniuma sana: 1905. Tutafika.

Kwanza tuelewane ukoo ninaouzungumzia. Kuna samaki wa maji baridi anaitwa karpi. Mswidi Carl Linnaeus alimpa jina la kisayansi Cyprinus carpio mwaka 1758, na kutokana na jina hilo wataalamu wakaita ukoo mzima Cyprinidae. Ni ukoo mkubwa sana, kati ya koo kubwa zaidi za samaki wa maji baridi duniani. Alama zao ni rahisi kushika. Mdomoni hawana meno. Meno yao yako kooni, na hapo ndipo wanaposaga chakula. Wengi wana masharubu madogo pembeni mwa mdomo, wanayotumia kupapasa chini kwenye tope na mawe. Halafu wana vimifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, kwa hivyo wanasikia vizuri kuliko samaki wengi. Ukitembea kwa kishindo ukingoni, huyo ashakusikia kabla hujamwona.

Sasa, karpi mwenyewe ni mgeni kwetu. Yule unayesikia amejaa Naivasha aliingia kule karibu mwaka 2001, mafuriko yalipomtoa kwenye mabwawa ya kufugia. Lakini jamaa zake wa ukoo wako hapa tangu zamani sana. Kuna ningu, ambaye kwa kitaalamu ni Labeo victorianus. Kuna fwani, kama Wajaluo wanavyomwita, na Waganda wanamwita kisinja: samaki mkubwa wa dhahabu-dhahabu, mwenye magamba mapana, anayependa maji yanayokimbia. Kuna wale wadogo wa vijito ambao watoto wa huku huwashika kwa mkono na ndoano ya pini. Na kuna omena. Ndiyo, omena unayoipima kwa gorogoro. Wataalamu wa siku hizi wamebishana kidogo wakamsogeza kwenye tawi la pembeni, lakini ni watu wa ukoo huo huo.

Kwa hivyo kama umewahi kula kimyet na omena, ushawahi kula jamaa wa karpi. Karibu.

Na kama unadhani samaki ni habari ya watu wa ziwani tu, angalia ramani. Mvua ya Kericho haibaki Kericho. Inashuka kwa vijito, Itare, Kiptiget, Yurith na vingine, hadi Sondu, na upande mwingine hadi Nyando. Yote inaishia Ziwa Victoria. Kutoka huko inatoka Jinja, inaingia Nile, inapita Sudan Kusini na Sudan mpaka Misri. Maji yaliyogonga bati la nyumba yenu jana usiku yana safari.

Huko mwisho wa safari ndiko kuna picha za kale zaidi za ukoo huu ninazozijua. Saqqara, karibu na Cairo, kuna makaburi ya wakubwa wa Misri ya kale yenye zaidi ya miaka 4,000, na kaburi la Ti ni mojawapo. Kwenye kuta zake walichonga mambo ya mto: mashua, viboko, wavuvi, na samaki wa Nile. Samaki hao wamechongwa kwa uangalifu mpaka leo mtaalamu anasimama mbele ya ukuta na kutaja aina zao. Katika samaki wa Nile waliochongwa Misri ya kale wamo ndugu wa ningu na ndugu wa fwani. Kuna mji mzima, Oxyrhynchus, uliopewa jina la samaki aliyeheshimiwa pale. Yaani kwenye mto uleule unaoshiba mvua ya kwetu, watu waliona samaki ni kitu cha kuchongwa kwenye jiwe ili kisisahaulike.

Nenda mashariki zaidi. Wachina wana hadithi ya karpi anayepanda Mto Manjano dhidi ya mkondo, na akifaulu kuruka Lango la Joka anageuka kuwa joka. Wajapani waliichukua hadithi hiyo. Kila tarehe 5 Mei, Siku ya Watoto, wanapandisha bendera zenye umbo la karpi zikipepea juu ya nyumba, kuwaombea watoto nguvu ya kupanda mto. Wakulima wa mpunga wa Niigata walianza kumfuga karpi kwa ajili ya rangi, nyekundu na nyeupe, na mwaka 1914 wakampeleka kwenye maonyesho Tokyo. Leo koi ameenea dunia nzima. Yuko kwenye tatuu za mabega ya vijana wa Nairobi, kwenye tisheti za mitumba, na nina uhakika kuna mtu anasoma hii na koi ndiye picha ya nyuma ya simu yake.

Sina shida na koi. Shida yangu ni kwamba ile hadithi ya samaki anayepanda mto dhidi ya maji si ya Japani peke yao. Ningu anafanya hivyo hivyo, hapa.

Sikia anavyoishi. Muda mwingi ningu yuko ziwani karibu na midomo ya mito, au ndani ya mto wenyewe. Mdomo wake unaangalia chini, kama mtu anayelamba sahani, na kazi yake ni kukwangua chakula kwenye mawe na tope. Mvua zinapoanza, za Machi na tena zile za mwisho wa mwaka, mto unajaa, unakuwa wa kahawia, na yeye anausikia. Wanakusanyika makundi kwa makundi na kuanza kupanda. Wanataga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko kando ya mto, pale ambapo wiki iliyopita palikuwa malisho. Mayai yanaanguliwa haraka, na vifaranga wanarudi na maji kabla nyasi hazijakauka. Maisha yote ya ukoo yanategemea siku chache za mafuriko. Watafiti wawili, Fryer na Whitehead, walieleza uzazi huo kwa kina mwaka 1959.

Lakini Wajaluo wa Nzoia, Nyando na Kuja walikuwa wanaujua kabla ya Fryer na Whitehead kuzaliwa. Walijenga nyua za fito kuvuka mto na kusuka mitego ya vikapu, mingine ya kumnasa anayepanda, mingine ya kumnasa anayeshuka. Walijua mwezi, walijua rangi ya maji, walijua ni lini wa kuachwa apite. Hiyo yote ni elimu, wasee. Ila haikuchorwa kwenye bendera wala ukutani, ilikaa mikononi mwa wasukaji.

Picha ya kwanza ya kitaalamu ya samaki wetu ilichorwa mbali. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na karibu miaka hiyo hiyo samaki wa huku walikuwa wakisafirishwa Ulaya ndani ya chupa za pombe kali. Akiwa kwenye jumba la makumbusho London, George Albert Boulenger, mzaliwa wa Ubelgiji, alimpa fwani jina la kisayansi mwaka 1900, na ningu mwaka 1901. Omena alipewa lake Paris mwaka 1904 na Jacques Pellegrin. Kisha, kati ya 1909 na 1916, Boulenger akatoa orodha yake ya samaki wa maji baridi wa Afrika, vitabu vinne, na michoro ndani yake. Vimewekwa mtandaoni bure. Mimi niliacha chuo, sina kadi ya maktaba yoyote, lakini kwa bando ya shilingi hamsini nilivifungua nikiwa nimelala.

Nikuambie ukweli, michoro ile ni mizuri. Kila gamba liko mahali pake, kila mwiba wa pezi umehesabiwa, kwa sababu kuhesabu magamba ndiyo njia ya kutofautisha aina moja na nyingine katika ukoo huu. Lakini itazame tena. Samaki yuko peke yake kwenye karatasi nyeupe. Hana maji, hana jiwe, hana rangi. Pombe hula rangi, kwa hivyo anayemchora samaki wa chupa anachora maiti iliyopauka. Dhahabu ya fwani haimo mle, wala yale maji ya kahawia anayoyapanda ningu. Na hakuna jina la kwetu la samaki linaloongoza mahali popote. Ni mchoro wa kumtambua samaki, uliofanywa kwa ajili ya watu wa makumbusho, na kazi hiyo ulifanya vizuri. Kumpenda hukufundishwa mle, na hiyo kazi nyingine hakuna aliyeifanya.

Sasa tufike 1905.

Mwaka huo vitu viwili viliingia Kenya. Cha kwanza: Ewart Grogan, mlowezi maarufu, alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakawekwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Cha pili: huku magharibi, Mnorwe mmoja aitwaye Aarup alileta nyavu za kitani katika Ghuba ya Winam, zile zinazosimama ndani ya maji na kumnasa samaki kwa mashavu.

Mwaka mmoja, samaki wawili, njia mbili.

Trauti alikuja na albamu yake. Wazungu walikuwa wamemchora kwa karne nzima, wamemtundika kwenye kuta za nyumba, wamemwandikia vitabu. Kwa hivyo alipofika alipata kila kitu: leseni, msimu wa kuvua, kipimo cha chini, walinzi wa mto, na baadaye kituo cha kumzalisha kule Kiganjo. Alisambazwa kwenye mito ya baridi ya nyanda za juu, hata hii yetu ya Kericho, ili mameneja wa chai wapate mchezo wa Jumamosi. Hakuna aliyeuliza samaki wadogo wa vijito, wenyeji wa hapo, walifanywa nini na mgeni anayekula samaki wenzake. Hata mimi sikuuliza utotoni. Shuleni ukiambiwa uchore samaki, unachora wa kitabuni, na wa kitabuni hakuwa wa kijito cha nyuma ya shule.

Ningu alipata wavu. Nyavu zilienea, zikawa nyingi, na baadaye zikawa za nailoni. Watu walijua pa kuzitega: mdomoni mwa mto, msimu wa mvua, jike likiwa limejaa mayai. Kumbuka nilivyosema, ukoo wote unategemea siku chache. Ukifunga mlango siku hizo, umefunga mwaka mzima. Mwaka 1927 serikali za kikoloni zilimtuma Michael Graham akapime hali ya uvuvi wa ziwa, na ripoti yake ikatoka 1929. Kilichohangaikiwa zaidi hapo kilikuwa ngege, kwa sababu ngege ndiye aliyekuwa na soko. Ningu aliendelea kuvuliwa. Kufikia 1965 mtafiti Cadwalladr aliandika makala ambayo kichwa chake chenyewe kinatosha: kinasema uvuvi wa ningu umeporomoka, na pamoja nao zile mbinu za wenyeji za uvuvi katika Mto Nzoia zimedhoofika.

Soma hapo pole pole. Samaki anaisha, na ufundi wa kusuka mtego wake unaisha naye. Mzee hamfundishi mjukuu kusuka kikapu cha samaki ambaye haji tena.

Na angalia tarehe. Kenya hii tukizungumzia samaki waliopotea Ziwa Victoria, tunamlaumu mbuta. Mbuta ana makosa yake, aliletwa miaka ya 1950 na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amekula karibu kila kitu. Lakini ningu alikuwa ameshaporomoka kabla mbuta hajashika ziwa. Hilo lilikuwa letu sisi na nyavu zetu, na serikali iliyokuwa inaangalia samaki mwingine. Leo ningu yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ni wangapi hapa walikuwa wanajua? Inua mkono kwa maoni pale chini.

Kuna watakaosema: kijana, picha haijazi sufuria. Nilimwambia mama mmoja wa omena hapa sokoni Kapsoit kwamba samaki wake ni ndugu ya yule wa tatuu, nikamwomba nipige picha. Akacheka, "Kijana wangu, picha ni ya nini? Wewe sema ni ya ngapi." Ana haki. Na omena wenyewe ni mfano mzuri wa upande wake. Omena hana picha yoyote ya kifahari, na bado yupo, tena ni kati ya samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi ziwani leo. Kila mwaka kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai serikali inafunga uvuvi wake apumzike, ndiyo maana miezi hiyo bei inapanda. Kwa hivyo, utasema, pesa inalinda vizuri kuliko mchoro.

Nakubali nusu. Pesa inamlinda samaki mwenye soko kubwa, mradi soko liendelee. Omena pia ana bahati: anazaa haraka, yuko ziwani wazi, hahitaji kupanda mto siku maalum. Ningu na fwani hawana hiyo nafasi. Soko lao limebaki dogo, na njia yao inapita kwenye mito ambayo kila mtu ana shughuli nayo. Hapo pesa haitawatetea. Atakayewatetea ni mtu anayewajua kwa sura na jina, akiona mtu anatega wavu mdomoni mwa mto Aprili, aseme, huyo jike mwenye mayai mwache.

Na mtu huyo si lazima awe wa Ahero au Nyakach. Samaki wa ziwani wengi hawafiki kwetu huku juu, maporomoko yanawazuia. Lakini tope letu linawafikia. Mto Nyando unajulikana kwa kubeba udongo mwingi kuupeleka Ghuba ya Winam, na udongo huo unatoka vilimani, kwenye mashamba yaliyolimwa hadi ukingo wa maji. Ukikata miti ya kijito Kapsoit, kuna mahali chini huko nyasi za kutagia zinafunikwa. Sisi ndio wenye bomba, wao ndio wenye ndoo.

Serikali nayo ingesaidia. Sarafu zetu mpya za 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Wanyama wazuri, lakini wote tayari ni mastaa, kila mtalii anakuja kuwaona. Makumbusho ya Taifa ina wataalamu wa samaki, na mmoja wao, Dorothy Wanja Nyingi, ameandika mwongozo wa samaki wa maji baridi wa Kenya, kwa hivyo hatuwezi kusema elimu haipo. Imekosa kutoka kwenye rafu na kuingia ukutani mwa shule ya msingi, kwenye matatu, kwenye tisheti.

Hapo ndipo nyinyi mnaingia. Wachoraji wote wanaonifuata, nina kazi kwenu na haina malipo. Chora ningu akipanda Sondu kwenye maji ya kahawia. Chora fwani na dhahabu yake. Tumia majina ya kwetu kwanza, ya kisayansi baadaye. Na wewe uliye karibu na kijito, ukimshika mdogo yeyote, mloweshe mkono kwanza usimtoe utelezi, mlaze kando ya kalamu ili ukubwa wake ujulikane, piga picha ya ubavu, andika jina la kijito na tarehe, umrudishe majini. Uliza wazee, mama Mjaluo sokoni, mzee Mkipsigis mtoni, wanamwitaje. Nitumie. Nitaziweka zote hapa, bure, kila moja na jina la aliyeipiga.

Misri walitumia patasi na ukuta wa kaburi. Sisi tuna simu, na samaki wengine bado wako hai. Nasubiri picha.